Hapa si Kwetu: Malezi na Siasa katika Riwaya za Adam Shafi

Katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba kuna msemo unaopendwa sana nyakati za uchaguzi: mtoto wa nyoka ni nyoka. Anayeutamka hana haja ya kujua kijana anayemsema ana rai gani juu ya bei ya karafuu, au juu ya Muungano, au juu ya shida ya maji. Inamtosha kumjua baba yake, na ikibidi babu yake. Akishawajua hao, basi ameshajua kura ya kijana itaangukia wapi, na mazungumzo yamekwisha.

Mimi sikubaliani na msemo huo. Lakini sikubaliani pia na wale wanaoujibu kwa kudai kwamba kila mtu mzima huchagua chama kwa akili yake mwenyewe, kama achaguavyo shati dukani. Mambo tuliyoyaona kwa macho yetu yanawakanusha wote wawili. Nimeona ni vyema nilitazame suala hili kwa kupitia riwaya za Adam Shafi, kwa sababu mtunzi huyu amelirudia kitabu baada ya kitabu, na kwa sababu pale alipofaulu na pale alipopungukiwa, kote kuna la kujifunza.

Kwanza msomaji asiyekuwa mwenyeji wa huku anahitaji kujua nyumba zetu zilikuwa na nini cha kurithisha. Wazee wa Zanzibar wana jina maalumu kwa miaka iliyoanzia uchaguzi wa kwanza wa 1957 hadi Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Wanaiita zama za siasa, kana kwamba kabla yake hapakuwa na siasa na baada yake hapakubaki kitu. Katika miaka hiyo Afro-Shirazi na Hizbu walisusiana. Mwenye shamba wa chama hiki alimfukuza mkulima wa chama kile aliyekuwa akilima chini ya minazi yake. Duka lilisusiwa, gari la abiria likasusiwa, na mwisho yakasusiwa hata maziko. Uchaguzi wa Januari 1961 ulimalizika kwa Afro-Shirazi kupata viti 10, Hizbu 9 na ZPPP 3, na kiti kimoja, cha Chake Chake, kiliamuliwa kwa tofauti ya kura moja tu. Kura moja! Fikiria, msomaji, katika mji mdogo ambao watu wote wanajuana kwa majina, kila mtu akijiuliza kura hiyo ilikuwa ya nani. Uchaguzi uliporudiwa Juni mwaka huo huo, watu 68 walikufa katika fujo. Mwaka 1963 Afro-Shirazi wakapata kura nyingi kuliko wapinzani wao wote kwa pamoja, kiasi cha asilimia 54, lakini wakapata viti 13 kati ya 31, na serikali ikaundwa na Hizbu na ZPPP. Miezi michache baadaye serikali hiyo ikapinduliwa.

Hayo ndiyo yaliyoingia majumbani. Hayakuingia kama somo. Baba hakumkalisha mwanawe akamfundisha katiba ya chama. Katika nyumba niliyolelewa mimi siasa haikuwa ikizungumzwa mbele ya watoto hata kidogo, na miaka ile kulikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza. Hata hivyo tulijifunza. Karibu na nyumba yetu kulikuwa na duka dogo la sukari na mafuta ya taa, hatua thelathini kutoka mlangoni. Bibi alikuwa akitutuma duka la mbali, vichochoro vitatu mbele. Siku moja nikamuuliza, "Bibi, mbona hatununui hapa karibu?" Akanijibu bila ya kuinua macho kwenye ukindu aliokuwa akisuka, "Hapa si kwetu, mwanangu." Nilikuwa mtu mzima nilipoelezwa na shangazi kwamba mwenye duka lile hakuja kumzika babu mwaka 1961, ingawa milango ya nyumba mbili hizo ilitazamana. Sitataja babu alikuwa chama gani na mwenye duka chama gani, kwa sababu nina hakika kwamba upande wa pili nao wana bibi yao, na wana duka lao.

Kabla sijajua neno "chama", basi, miguu yangu ilikuwa imeshajua njia ya kupita na njia ya kutopita. Ndivyo malezi ya siasa yanavyofanya kazi. Mtoto hufundishwa nani ni wetu, nani alitufanyia nini, na nani alikuja tulipofiwa. Hoja huja baadaye sana, na aghalabu huja kutafuta mahali pa kukaa katika nyumba ambayo imeshajengwa.

Hili si letu peke yetu. Mwaka 1965 wataalamu wawili wa Marekani, M. Kent Jennings na Richard Niemi, walifanya utafiti kwa kuwahoji wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari pamoja na wazazi wao. Walichokiona ni kwamba watoto walifanana na wazazi wao kwa kiasi kikubwa katika jambo moja, nalo ni chama wanachojihesabu kuwa ni chao. Katika rai zao juu ya mambo mengine mengi ya siasa na ya jamii, kufanana kulikuwa kudogo zaidi, na pengine kudogo mno. Kwa maneno mengine, jina la chama lilipita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto kwa urahisi kuliko sababu za kukipenda chama chenyewe. Ikiwa ni hivyo katika nchi ambayo baba wa Republican na jirani yake wa Democrat huzikana bila ya shida, itakuwaje kwetu?

Sasa tuziendee riwaya. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotoka mwaka 1978, Adam Shafi anatuchorea nyumba ya bwana shamba kabla ya Mapinduzi. Fuad amelelewa akiamini kwamba watu wameumbwa kumtumikia yeye. Hilo halistaajabishi, tabaka lake lote lililelewa hivyo. Anayestaajabisha ni Kijakazi, mtumishi wake. Kijakazi anamtumikia Fuad usiku na mchana, anatukanwa, anachoka, na bado haoni njia nyingine ya kuishi. Kwake yeye utumishi ni mpango wa dunia kama jua kuchomoza. Tena, na hapa ndipo mtunzi alipoona mbali, Mapinduzi yanapokuja Kijakazi hageuki siku hiyo hiyo. Wenziwe wanashangilia, yeye anamwonea huruma bwana wake. Mashamba yamebadilika mikono, lakini moyo wa Kijakazi haujapata habari.

Naona hii ni sehemu yenye ukweli mkubwa katika riwaya ile, na ni ukweli ambao wakati ule haikuwa rahisi kuusema. Maneno rasmi yalikuwa kwamba mnyonge anajua adui yake ni nani. Adam Shafi anasema kwamba mnyonge aliyezaliwa na kukulia ndani ya kasri anaweza kumwita kasri mama. Lakini mtunzi hakuweza kukaa na ukweli huo mpaka mwisho. Kijakazi inambidi aamke, na kuamka kwake kunatokea kwa sababu historia inamtaka aamke. Tunaona kazi ya ushirika, tunaona wenziwe wakimwelimisha, tunaambiwa kwamba sasa amefahamu. Hatuoni alivyolala usiku wa kwanza baada ya kufahamu. Mtu aliyetoa umri wake wote kwa nyumba moja haiachi nyumba hiyo bila ya maombolezo, hata iwe nyumba iliyomdhulumu. Maombolezo hayo riwaya imeyaruka.

Kuli, ya mwaka 1979, inapiga hatua mbele. Rashidi ni mtoto wa kuli ambaye naye anakuwa kuli, na anafika hadi kwenye mgomo mkubwa wa bandarini wa mwaka 1948. Ukiisoma kwa haraka utasema hii ndiyo hadithi ya mtoto kufuata nyayo za baba. Ukiisoma kwa utulivu utaona kwamba nyumbani Rashidi alirithi umasikini na mzigo wa begani, basi. Ugomvi na wenye meli hakuurithi. Huo aliupata bandarini, miongoni mwa wenziwe, kwa kula nao, kubeba nao na kusikiliza wale waliojua zaidi yake. Nyumba ilimpa jeraha, na kazi ikampa jina la jeraha. Mtu anaweza kurithi dhiki kizazi baada ya kizazi asirithi siasa yoyote, mpaka apate watu wa kumwonyesha kwamba dhiki hiyo si yake peke yake.

Ni katika Vuta N'kuvute, iliyochapishwa mwaka 1999, ndipo mtunzi alipolifikia jambo lenyewe. Yasmin ni msichana wa Kihindi aliyeozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, mwenye duka ambaye umri wake unamtosha kuwa baba yake. Anamkimbia. Anapokwenda kwa mjomba wake anafukuzwa kama aliyeleta aibu, na jamaa zake wote wanamfungia milango. Anayemfungulia ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, mwenye chumba kimoja na moyo mkunjufu. Kupitia kwa Mwajuma ndiyo Yasmin anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayeandamwa na polisi wa kikoloni kwa sababu ya siasa zake, na hapo anaingia katika harakati ambazo kwao hazikuwahi hata kutajwa.

Tazama mpangilio wa mambo ulivyo. Yasmin hakusoma kwanza kijitabu cha siasa akaamini, kisha akahama kwao. Kwanza alifukuzwa, kisha akapokewa, kisha akala, kisha akacheka, na ndipo akawaamini watu wale na waliyokuwa wakiyasema. Chumba cha Mwajuma kilitangulia hotuba za Denge. Mtunzi hakulitangaza hilo popote, lakini amelipanga hivyo, na mimi naona ndilo fundisho kubwa katika kitabu kizima: nyumba haishindwi na hoja, hushindwa na nyumba nyingine. Wahenga waliposema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, tumezoea kulichukua neno lao kama onyo. Kwa Yasmin ulimwengu ulikuwa ni mwanamke mmoja aliyesogeza mkeka na kumwambia karibu.

Historia yetu inaunga mkono jambo hilo. Mwaka 1963 Abdulrahman Babu alijitoa Hizbu na kuunda Umma Party, na vijana wengi wakamfuata. Wengi wao walikuwa watoto wa nyumba za Hizbu. Kwa msemo wa nyoka na mtoto wake hao hawakupaswa kuwapo kabisa. Lakini waliweza kuondoka kwa sababu walikuwa na pa kwenda. Walikuwa na vyama vya wafanyakazi, walikuwa na gazeti lao, na baadhi walikuwa wameishi London, Cairo, Havana au Peking, mbali na macho ya mitaa yao, na huko wakapata ndugu wengine. Kijana ambaye hana pa kwenda haondoki, hata akipewa hoja mia.

Hapo sasa nina malalamiko yangu kwa mtunzi. Katika riwaya zake anayeondoka ndiye anayepewa uhai. Wanaobaki hupewa sura moja tu. Mjomba wa Yasmin ni mlango uliofungwa. Hatuambiwi alichokuwa akikiogopa. Naye alikuwa mtu wa jamii ndogo, katika mji uliokuwa ukichemka, na pengine aliona kwamba siku mambo yatakapoharibika hatakuwa na kinga ila jamaa zake, na kwamba binti mmoja akivunja ukuta, wote wamekosa ukuta. Hofu hiyo ingeweza kuwa na makosa na bado ikawa hofu ya kweli. Mtunzi anapotunyima hofu hiyo anatupa ushindi rahisi, kwani si vigumu kumwacha mjomba ambaye hana lolote la kupendwa. Kazi ngumu ni kuiacha siasa ya baba unayempenda, aliyekusomesha kwa jasho lake, na ambaye ana sababu zake.

Mwenyewe Adam Shafi anayajua haya. Alikuwa miongoni mwa waliotiwa ndani baada ya Mzee Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, na Haini, riwaya yake ya mwaka 2003, inatokana na masaibu hayo. Mle ndani tunaona kwamba mtu akiitwa haini, jina hilo haliishii kwenye pingu zake. Linafika hadi kwa mke, mama na watoto. Dola yenyewe, ambayo majukwaani ilisema kwamba ukabila na usabasi umekwisha, iliendelea kuwahesabu watu kwa nyumba zao. Na ukiadhibiwa kwa ajili ya baba yako, utawezaje tena kuhitilafiana naye? Utakayempinga ni nani, ilhali mmeshakuwa wafungwa wa kesi moja? Kwa njia hii wanaosema mtoto wa nyoka ni nyoka huzalisha wenyewe kile wanachodai kukiona. Humnyima mtoto nafasi ya kuwa kitu kingine, kisha hushangaa amefanana na baba yake.

Ushahidi tumeuona. Hizbu ilipigwa marufuku mwaka 1964. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 na tukapiga kura mwaka 1995, kijana aliyezaliwa miaka kumi baada ya Hizbu kufa aliitwa Hizbu hadharani kwa sababu aliunga mkono CUF. Matokeo ya urais yalikuwa asilimia 50.2 kwa Dk. Salmin Amour na 49.8 kwa Maalim Seif Sharif Hamad. CUF walichukua viti vyote 21 vya Pemba. Ilikuwa kama zama za siasa zilikuwa zimelala tu miaka 30 zikisubiri kuamshwa. Ndoa zilivunjika, harusi zikasusiwa, na watu wakarudi kule kule kwa kutozikana. Januari 2001 watu waliuawa kwa risasi katika maandamano, na kiasi cha watu 2,000 wakavuka bahari wakakimbilia Shimoni, Kenya.

Na ukitaka kujua kwamba kinachorithiwa si jina la chama lililoandikwa kwenye kadi, bali ni ule ukwetu ulio nyuma yake, angalia yaliyotokea Machi 2019. Maalim Seif alipohama CUF kwenda ACT-Wazalendo, wafuasi wake wengi walihama naye kwa siku chache, na ofisi zikabadilishwa rangi. Watu waliokuwa tayari kufa kwa ajili ya chama kimoja walikiacha bila ya chozi, kwa sababu nyumba haikuhama. Hata upande wa pili hali ni ile ile. Afro-Shirazi iliungana na TANU tarehe 5 Februari 1977 ikawa CCM, lakini ukikaa barazani na wazee wa chama utasikia jina gani linalowatoa machozi.

Lakini historia hiyo hiyo inatuonyesha jambo jingine. Maridhiano ya Novemba 2009 yalifanywa na Maalim Seif pamoja na Rais Amani Karume, mtoto wa Mzee Karume mwenyewe. Kama kuna mtu katika visiwa hivi aliyerithi upande wake wa siasa kwa ukamilifu ni yeye, na ni chini ya urais wake yalipotokea ya 2001. Hata hivyo alikaa na mpinzani wake, na tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Sisemi kwamba kura hiyo ilitibu kila kitu. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, na umoja huo ukavunjika kabla ya kuundwa upya Desemba 2020. Ninachosema ni kwamba theluthi mbili ya wapiga kura, wengi wao wakiwa wamelelewa na bibi kama yangu, walipopewa nafasi ya kukaa nyumba moja na wale wa duka la jirani, waliikubali. Hawakubadilisha vyama vyao. Walikubali tu kuzikana.

Hapo ndipo fasihi yetu bado inadaiwa. Tunazo riwaya za anayefukuzwa kwao, tunazo za anayefungwa, tunazo za anayeamka na kuivunja kasri. Natamani kusoma riwaya ya binti anayekula sinia moja na baba yake siku ya uchaguzi, kila mmoja akijua mwenzake ametia wino kidole kwa ajili ya nani, na baada ya chakula baba akamwachia kipande cha mwisho cha samaki kama alivyomwachia tangu utotoni. Riwaya hiyo haitakuwa na shujaa wa kupigiwa makofi. Mtunzi wake itambidi ampende baba pamoja na binti, na asimfanye hata mmoja wao kuwa mjinga. Kwa mtu aliyekulia katika nyumba kama zetu, kuiandika ni kazi nzito kuliko kuandika mapinduzi. Na vijana wetu wanaihitaji, kwa sababu kila baada ya miaka mitano wanatakiwa kuchagua kati ya dhamiri zao na wazazi wao, na hakuna kitabu kilichowaambia kwamba wanaweza kubaki na vyote viwili.